Tiyo kubwa haiko nguvu: kuhusu tiyo ya hewa kwa kamio ya mazutu yenye turbo mbili

Wasomi wenzangu, wenye walimaliza na wenye bado wako kwa auditoire,

Kuko neno moja lenye vijana wengi wenye kupenda motere wanalisema sawa sheria: "Kama gari yako ya mazutu iko na turbo mbili, weka tiyo ya hewa ya inchi 5. Kama uko na pesa, weka ya 6. Kubwa ndiyo nguvu." Tunalisikia kwa garaji, tunalisikia kwa video zenye kutoka Marekani, na siku hizi tunalisikia ata kwa midomo ya watu wenye walisoma mekanike miaka tano. Leo ninataka tulipime hili neno. Haiko kwa kulichekelea, juu ndani yake kuko ukweli. Lakini ule ukweli ni mudogo kuliko namna wanauuza, na mwenye kulipa ile tofauti ni mwenye gari.

Na kwetu gari haiko mchezo. Pikapu ao kamio moja inaweza kuwa mutaji wa familia muzima: minerval ya watoto, chakula, deni la bulimi, vyote vinatoka kwa ile motere. Mutu akikata tiyo ya kiwanda na kuweka ingine juu ya neno tu, hana haki ya kukosea kwa bei ya mwingine. Ndiyo maana hii mambo inafaa hesabu.

Neno lilizaliwa wapi

Tusifiche: hili neno lilizaliwa kwa watu wenye kuko na sababu nzuri. Kule Marekani, pikapu za mazutu sawa Ram yenye motere Cummins ya litre 5.9, kisha ya litre 6.7 tangu 2007, zinaingia kwa mashindano ya kuvuta mizigo mizito kwenye udongo. Watu wa mashindano waliona turbo moja haitoshi, wakaanza kuweka mbili. Ata Ford yenyewe iliuza, kwa modeli za 2008 mpaka 2010, motere ya litre 6.4 yenye turbo mbili kutoka kiwanda. Kwa makamio makubwa, Caterpillar ilifanya vile kwa C15 ya aina ya ACERT. Basi, mutu mwenye kutafuta nguvu mara mbili ao mara tatu kuliko ile ya kiwanda, tiyo ya kiwanda inamubana kweli. Akiweka kubwa, anaona tofauti.

Kosa linaanza wakati jibu la yule mutu wa mashindano linachukuliwa bila ulizo lake. Yeye aliuliza: "Motere yangu inameza hewa mingi hivi, tiyo gani itaipitisha bila kuibana?" Sisi tulichukua tu "inchi 5" na tukaacha "hewa mingi hivi". Jibu bila ulizo ni sawa dawa ya mugonjwa mwingine.

Kwanza, turbo mbili zenyewe ziko namna gani?

Mwenye kukupa kipimo cha tiyo bila kukuuliza hii, umuache. Kuko namna mbili zenye hazifanane.

Namna ya kwanza, turbo ziko pembeni kwa pembeni, kila moja na upande wake wa motere. Ile Land Cruiser 200 ya mazutu, V8 ya litre 4.5, iko vile: turbo mbili, kila moja inameza nusu ya hewa. Hapo kila tiyo inabeba nusu tu. Tiyo mbili za milimetre 76, ni kusema inchi 3, ziko na nafasi ya kupitisha hewa sawa na tiyo moja ya milimetre 107. Mutu mwenye kuambiwa "inchi 5 kwa kila upande" anauziwa nafasi karibu mara tatu ya ile tayari iko kwa zile mbili.

Namna ya pili, turbo ziko moja nyuma ya ingine. Ile kubwa inavuta hewa ya inje, inaisukuma kwa ile ndogo, na ndogo inaisukuma tena mbele ya kuingia kwa motere. Hapa hewa yote inapita kwa mudomo moja. Na hapa presio haijumlishwe, inazidishwa: kama kubwa inazidisha mara 2, na ndogo inazidisha mara 2.5, mwishoni umepata mara 5. Ushike hii kuzidisha, juu ndiyo inaeleza kwa nini neno la "tiyo kubwa" liko na ukweli kidogo.

Hesabu, pole pole

Tuchukue ile Cummins ya litre 6.7 yenye turbo moja nyuma ya ingine, yenye kutengenezwa kwa mashindano. Tuseme inazunguka mara 3000 kwa dakika. Motere ya vipindi vine inajaza silindri zote mara moja kwa kila mizunguko mibili. Kwa hiyo 1500 mara 6.7 ni litre 10 050 kwa dakika, ao karibu litre 167 kwa sekunde. Silindri hazijae kabisa, tuseme 90%. Tunabaki na litre 151 kwa sekunde.

Lakini zile ni litre za hewa yenye imekwisha kukazwa. Tuseme presio ni bar 5 kuanzia sifuri ya kweli, ni kusema manometre ya dereva itaonyesha 4, na hewa iko na joto la digri 70 kisha kupita kwa interkula. Kwa hali ile, litre moja ya hewa ina uzito wa karibu gramu 5.1. Donc motere inakula gramu 770 za hewa kila sekunde. Kwa usawa wa bahari, kwa digri 20, litre moja ya hewa ni gramu 1.2. Gawanya: mudomo wa tiyo unapaswa kuvuta karibu litre 640 kila sekunde. Fikiri ngoma tatu za mafuta, zile za litre 200, na zaidi, kwa sekunde moja.

Sasa tupitishe zile litre 640 kwa tiyo tatu:

– Inchi 4 (milimetre 102 kwa ndani): hewa inakimbia mita 78 kwa sekunde, zaidi ya kilometre 280 kwa saa.
– Inchi 5 (milimetre 127): mita 50 kwa sekunde.
– Inchi 6 (milimetre 152): mita 35 kwa sekunde.

Hewa yenye kukimbia inalipa kwa presio, na malipo yanafuata mwendo mara mwendo. Kwa tiyo ya mita moja hivi, yenye kona mbili za pole na mudomo wa kuingilia, tuhesabie kama upotevu wote ni sawa na presio ya ule mwendo. Tunapata kilopaskali 3.7 kwa inchi 4, 1.5 kwa inchi 5, na 0.75 kwa inchi 6.

Utasema: hewa ya inje iko na kilopaskali 101, 3.7 ni nini? Hapa ndipo ile kuzidisha inaingia. Chenye unapoteza kwa mudomo, turbo mbili zinakizidisha mara 5. Zile 3.7 zinakuwa 18 kwa kuingia kwa motere. Kwa jumla ya 500, umepoteza karibu 3.7%. Na tiyo ya inchi 5 unapoteza 1.5%, na ya inchi 6 unapoteza 0.7%.

Soma zile namba tatu tena. Kutoka 4 kwenda 5, unarudisha 2% na kidogo. Kutoka 5 kwenda 6, unarudisha 0.8%. Tiyo ya 6 inakula bei, inakula nafasi chini ya kapo, inataka kukata chuma, na zawadi yake ni chini ya 1%. Kwa mutu wa mashindano, ile 1% inaweza kuwa kushinda. Kwa mutu wa kubeba muchanga, ata hataiona.

Na motere yenye haijaguswa?

Hapa ndipo neno linaanguka kabisa. Ile ile motere ya litre 6.7, namna ilitoka kiwanda, inakula pengine gramu 330 za hewa kwa sekunde wakati inatoa nguvu yake yote. Hiyo ni litre 275. Ndani ya tiyo ya inchi 4, mwendo ni mita 34 kwa sekunde. Umeona? Ni karibu ule mwendo wa tiyo ya inchi 6 kwa gari ya mashindano. Ni kusema gari ya kawaida yenye inchi 4 tayari iko kwa hali yenye yule mwingine analipa pesa mingi juu ya kuifikia.

Ukiiwekea inchi 5, unaokoa kilopaskali 0.4. Kwa lugha ya maji, ni urefu wa sentimetre 4. Na ata ile kidogo haigeuke nguvu yenyewe, juu motere ya mazutu haitawaliwe na hewa. Haiko sawa na ya esanse. Nguvu yake inatawaliwa na mazutu yenye pompi na injektere vinatupa. Ukiongeza hewa bila kuongeza mazutu, utapata moshi kidogo chini na joto la moshi kidogo chini. Ni jambo nzuri, lakini haiko "nguvu" yenye waliahidi.

Na zile Land Cruiser nyingi za kwetu zenye motere 1HZ, litre 4.2 bila turbo? Ata kwa mizunguko 4000, inavuta karibu litre 120 kwa sekunde. Tiyo ya inchi 3 inaipitisha kwa mita 26 kwa sekunde. Mwenye kuitobolea kapo juu ya kuweka tiyo ya inchi 5 ametengeneza kelele tu.

Kisha turbo, mambo inageuka

Kosa la pili la wenye neno: wanaweka ile ile inchi 5 kila fasi, mbele na nyuma ya turbo, "ili ifanane". Lakini hewa haifanane. Kisha kukazwa, gramu 770 zinaingia kwa nafasi ndogo sana.

Katikati ya turbo mbili, tuseme kwa bar 2.3 na digri 120, zile gramu ni karibu litre 375 kwa sekunde. Tiyo ya inchi 4 inazipitisha kwa mita 46 kwa sekunde, na upotevu ni chini ya 1%. Kisha interkula, kwa bar 5, zinabaki litre 151. Tiyo ya inchi 3 tu inazipitisha kwa mita 33 kwa sekunde, na upotevu ni karibu 0.6%. Ni kusema inchi 3 kwa nyuma iko na faida kuliko inchi 5 kwa mbele! Tiyo inafaa ipungue namna hewa inakazwa: kubwa kwa mudomo, ya katikati kwa katikati, ndogo mwishoni. Kama pesa yako inatosha sehemu moja tu, itumie kwa mudomo, mbele ya turbo ya kwanza. Kule nyuma, uangalie zaidi viungo, juu bar 4 inaweza kutupa mupira wenye kolie yake haikazwe muzuri.

Tusiende kwa kosa la upande wa pili

Kuko na kambi ingine yenye kusema: "Tiyo ndogo ndiyo muzuri, juu inakimbiza hewa, na hewa yenye kukimbia inaleta nguvu ya chini." Hii walichukua kwa motere za esanse zenye hazina turbo, fasi urefu na upana wa tiyo vinacheza na mapigo ya hewa. Mbele ya turbo, ule mwendo hauna kazi. Mwendo unanunuliwa na presio, na turbo inataka presio.

Wengine wanasema tiyo kubwa kisha turbo inachelewesha gari kuamka. Kuko ukweli kiloko. Lakini tupime: kwa mizunguko 1500, ile litre 6.7 inameza karibu litre 84 kwa sekunde. Ukiongeza litre 5 za nafasi ndani ya tiyo, na ukitaka kuzipandisha mpaka bar 3, unahitaji litre 10 zaidi za hewa ya kawaida. Ni karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dereva mwenye kusema anaisikia ile, labda anasikia pesa yenye alilipa.

Kwetu, adui ni nani?

Sasa tulete hesabu nyumbani. Vitu vitatu vya kwetu havimo ndani ya zile video.

Kimoja ni urefu wa inchi yetu. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1200, Kolwezi zaidi ya 1400. Kwa mita 1500, presio ya hewa ni karibu kilopaskali 84.5, na litre moja ya hewa ni karibu gramu 1 tu. Kwa kula zile zile gramu 770, motere inavuta litre 770, haiko 640. Ndani ya tiyo ya inchi 4, mwendo unapanda mpaka mita 94 kwa sekunde, na upotevu unafika 5.2%. Basi kwa haki, lazima niseme: kwa gari ya mashindano yenye kutembea Goma, tiyo ya inchi 5 iko na sababu zaidi kuliko kwa usawa wa bahari. Inarudisha karibu 3%. Lakini ona pia upande mwingine: turbo zenyewe zinapaswa kuzidisha karibu mara 6, haiko mara 5, juu ya kufika fasi ile ile. Zinazunguka mbio zaidi, na kuko mupaka wenye zikiupita zinapasuka. Mwenye kuuza tiyo hakuambie ile.

Cha pili ni joto. Wengi wakiweka tiyo mupya wanaondoa kisanduku cha filtre na wanaweka filtre ya wazi chini ya kapo, pembeni ya motere. Hewa ya inje iko digri 25, ile ya chini ya kapo inaweza kufika 60. Hewa ya digri 60 ni nyepesi kwa karibu 10% kuliko ile ya 25. Umeona hesabu? Umepata 2% kwa tiyo, umepoteza 10% kwa joto. Kile kisanduku cha plastiki chenye wanakitupa sawa uchafu kilikuwa kinaleta hewa baridi kutoka inje.

Cha tatu, na ndicho kikubwa, ni vumbi. Udongo mwekundu wa Katanga wakati wa kiangazi, vumbi ya volkano kule Goma: ile ni muchanga mudogo mudogo, na muchanga unakula chuma. Filtre ikishikwa na vumbi inabana hewa. Watengenezaji wengi wa motere kubwa za mazutu wanasema filtre ibadilishwe upotevu ukifika karibu inchi 25 za maji, ni kusema sentimetre 63, ao kilopaskali 6.2. Linganisha: tiyo ya inchi 5 kwa gari ya kawaida inakuokolea sentimetre 4 za maji, filtre chafu inakuibia 60. Mwenye gari yenye kutoa moshi mweusi anaambiwa "tiyo yako ni ndogo", na filtre yake haijaguswa tangu mwaka jana!

Kisha kuko ile mbaya kupita zote: vumbi yenye kupita pembeni. Tiyo ya kutengenezwa kwa bati, yenye kuchomelewa haraka, na tundu moja lenye hauone kisha filtre, inapeleka muchanga moja kwa moja kwa mabawa ya turbo na kwa silindri. Mabawa yanakwisha ncha, pete za pistoni zinakwisha, motere inaanza kula mafuta. Hakuna asilimia ya hewa yenye inaweza kulipa motere yenye kufa na vumbi. Ongeza na hii: tiyo ya mupira, kipimo chake kikiwa kikubwa na ukuta wake mwembamba, inavutwa ndani na turbo na inajifunga wakati unaomba nguvu zaidi. Ndiyo maana mupira wa kuvuta unakuwa na waya ndani. Kubwa bila waya ni ndogo yenye kujificha.

Kipimo cha dola chache

Wasomi wenzangu, hapa ndipo ninaleta ukosoaji wangu kwetu sisi wenyewe, zaidi kuliko kwa fundi. Fundi anaongea na chenye macho yake yaliona. Sisi tuliandika kwa ubao kama mwendo ni wingi ugawanywe na nafasi, tukapata pointi, tukafuta ubao. Kisha tunafika kwa garaji na tunarudilia neno la video. Kama ile formule haifike chini ya kapo, tuliisomea nini?

Na kuipeleka chini ya kapo haiombe laboratware. Tafuta tiyo nyembamba ya kuona ndani, ya mita mbili na zaidi. Ikunje kwa umbo la U, kila mukono mita moja, uifunge kwa ubao wima. Weka maji ya rangi mpaka katikati ya kila mukono. Upande moja uuche wazi, upande mwingine uuunge kwa tundu dogo kisha filtre, mbele ya turbo. Mutu moja aendeshe kwa mulima na muzigo, mwingine asome tofauti ya maji. Kila sentimetre 10 ni karibu kilopaskali 1. Kwa mikono ya mita moja, maji hayafike kwa turbo mpaka tofauti ifike karibu mita moja, na mbele ya pale umekwisha kujua kama kuko shida. Ukimaliza, ziba lile tundu sawa sawa, juu tumesema vumbi inafanya nini.

Sasa usome. Ukiona sentimetre 15 ao 20 na filtre safi, tiyo haikubane, acha chuma ya watu. Ukiona 50, kwanza badilisha filtre na upime tena. Ikibaki 50 na filtre mupya, tafuta fasi yenye kubana kuliko zote: snorkel, mudomo wa kisanduku, kona ya kufinywa, ao mudomo wa turbo yenyewe. Hewa inatii fasi ndogo kuliko zote. Tiyo ya inchi 6 yenye kuishia kwa mudomo wa turbo wa inchi 4 bila koni ya pole pole ni sawa barabara ya njia sita yenye kuishia kwa daraja la mbao.

Basi neno la kweli ni gani?

Ninalipa haki yake lile neno la zamani: kwa motere yenye kuongezewa mazutu sana, yenye turbo moja nyuma ya ingine, tiyo ya kuvutia inafaa iwe kubwa, na inchi 5 ni jibu lenye akili. Walioligundua hawakuwa wajinga. Lakini likisemwa bila ulizo, linakuwa biashara.

Mimi ningelisema hivi: hesabu gramu za hewa zenye motere yako inakula kweli. Geuza zile gramu kwa litre, kwa hewa ya muji wako, haiko kwa hewa ya Matadi. Chagua tiyo yenye itabeba zile litre kwa mwendo wa mita 35 mpaka 50 kwa sekunde mbele ya turbo, na usilipe zaidi. Punguza kipimo namna hewa inakazwa. Lete hewa baridi, funga viungo, heshimu filtre. Na mbele ya yote, pima.

Kuko shida moja na hili neno langu: ni refu, haliingie kwa video ya dakika moja. Lakini mwenye gari haombi neno fupi. Anaomba motere yenye itaamka kesho asubuhi.

Mwenye iko na hesabu ingine, ao mwenye alipima gari yake na akapata namba tofauti, aiweke hapa chini tujadili. Tunaomba kitu kimoja tu: aje na kipimo.